Leso Nne na Filimbi ya Mzee Nzau

Filimbi ya Mzee Nzau nilikuwa naisikia nikiwa dukani, na kila ikilia natamani niikamate niitupe chooni. Si kwamba namchukia mzee wa watu, hasha. Nzau ni mteja wangu wa miaka, hununua majani ya chai na betri za redio, na hapiti mlangoni bila salamu. Ila filimbi ile ilikuwa inaangusha watu mmoja mmoja mbele ya macho yangu, na mimi Zaitun, mama Nuha, kunyamaza sikujaaliwa.

Hebu niwaeleze tangu mwanzo, maana mkinisikia natukana filimbi mtadhani nimechanganyikiwa.

Kijiji chetu cha Mikwajuni kiko nje kidogo ya Voi, upande wa uwanda mwekundu unaopakana na mbuga ya wanyama. Majirani zangu wengi ni Wakamba, wazee wao walihamia hapa kulima. Sisi ni watu wa pwani. Mume wangu Ishaq ni dereva wa lori, siku nyingi yuko barabarani, na mimi ndiye ninayelinda duka na mtoto. Mikwajuni tuna kila kitu ila maji. Maji yako kisimani, mwendo mrefu, karibu na fensi ya mbuga, na kisima chenyewe tunagawana na ndovu. Fensi ile ndovu anaiona kama uzi wa kushonea.

Mwezi wa Septemba Nuha alitoka asubuhi kuchota maji kabla ya shule. Akarudi mbio, mtungi hana, kiatu kimoja mguuni, kingine hajui kilibaki wapi. Ndovu walikuwa wametoka kichakani wakamfuata. Mtoto amebalehe, mrefu kama mimi, lakini siku ile alinishika kiuno akatetemeka mpaka meno yakawa yanagongana. Tangu hapo nikawa namsindikiza mwenyewe. Duka nimefunga, yeye na mtungi wake, mimi na sufuria na mwiko, nagonga njia nzima ili ndovu wasikie tunakuja. Kila kichaka kikitikisika, roho yanitoka. Nilikuwa namuomba Mungu kitu kimoja tu: mwanangu asiione tena njia ile.

Basi Oktoba, mvua za vuli hata hazijanukia, akaja injinia wa mradi wa maji, binti mmoja mchangamfu kwa jina Carolyne, kofia ya plastiki kichwani. Akatuita wote uwanjani, mbele ya duka langu. Akasema mabomba yapo, mafundi wapo, na mfereji wa kukingia maji utawekwa pale pale tulipokaa. Lakini mtaro tuuchimbe wenyewe, kutoka kwenye tangi lililo karibu na reli mpaka kijijini, kina chake kifike magotini. Lori la mabomba litakuja Jumamosi. Likikuta mtaro umekamilika, litashusha. Likikuta haujafika, litapeleka mabomba kijiji kingine ambacho mtaro wao uko tayari, na sisi tungoje bajeti nyingine.

Bajeti nyingine! Wallahi nilimwangalia Nuha nikajiuliza kama itamkuta bado hajaolewa.

"Tutachimba," Mzee Nzau akasema, akaitoa filimbi mfukoni. "Jumamosi ni mbali. Sisi tuko na mwethya."

Mwethya ni kazi ya pamoja ya Wakamba, na siwafichi, ni kitu kizuri. Watu wanatoka wote, wake kwa waume, kila mtu na jembe lake, kuna nyimbo za kuwatia nguvu na kuna kapteni mwenye filimbi. Mwethya ya Mikwajuni kapteni wake ni Nzau tangu nywele zake nyeusi. Anapima kipande cha kazi kwa kamba, anapiga filimbi, majembe yanashuka pamoja. Na ana kanuni moja ambayo haijawahi kuvunjwa: hakuna kunywa maji mpaka kipande kiishe na filimbi ilie tena.

"Maji ya katikati inalegeza mwili," husema. "Ukikunywa, unakuwa mzito kama ng'ombe ya mimba."

Na ole wako unywe. Wanakutia katika wimbo. Wimbo wote unakuwa jina lako: fulani bado ananyonya, fulani mpelekeni kwa mamake. Watu wazima na akili zao, wako radhi ulimi ukauke kama ngozi ya ngoma kuliko kuimbwa. Zamani labda kanuni ilikuwa na maana. Mwethya za zamani zilikuwa za kuchimba matuta mashambani, wanaanza umande ukiwa chini, jua likipanda wameshaenda nyumbani kula. Lakini mtaro huu ulikuwa wa kutwa nzima, Oktoba, Voi, pahali ambapo hata mjusi anatafuta kivuli. Kanuni ya asubuhi wakaibeba mpaka mchana, na hakuna aliyeuliza.

Siku ya kwanza walichimba kwa mbwembwe. Vumbi jekundu lilipanda, nyimbo nazisikia mpaka kaunta yanitikisika. Saa sita filimbi ikalia ya mapumziko, wakanijia dukani kama nzige. Leta soda baridi! Leta maji! Mtu anashika chupa kubwa anaimimina yote kwa pumzi moja. Nusu yao wakatapika nyuma ya duka, na mimi ndiye niliyefagia.

Siku ya pili akaanguka Mulei.

Mulei mnapaswa kumjua. Ni yule kijana wa kubeba gunia la saruji begani huku anaongea na simu. Sururu yake peke yake ni kama ya watu watatu. Nilikuwa nimetoka kumwaga maji ya vyombo, nikasikia mtu analia, si kilio cha mtoto, kilio cha mwanamume mzima. Nikakimbia. Nikamkuta Mulei ndani ya mtaro, amelala ubavu, ameshika shavu la mguu kwa mikono miwili. Msuli umejikusanya umefanya fundo, unauona chini ya ngozi unacheza.

"Mama Nuha, mguu imekataa!" akalia. "Imekataa kabisa!"

Wenzake wamesimama juu, midomo mikavu imepasuka, hawajui wafanye nini. Bahati Jedidah alikuwa karibu. Jedidah ni mhudumu wa afya wa kijiji, ndiye anayezunguka nyumba kwa nyumba kupima watoto. Akashuka mtaroni, akaunyoosha ule mguu taratibu, akashika vidole akavivuta kuelekea gotini, huku anasugua fundo kwa kiganja. "Usiruke, usisimame, tulia," anamwambia. Fundo likalegea kidogo kidogo. Akamtazama Mulei usoni, akamshika shingo.

"Umekojoa saa ngapi?"

Mulei akaona haya. "Jana jioni."

"Jana jioni!" Jedidah akageuka kwa wengine. "Na nyinyi? Mkojo wenu uko rangi gani? Ukiwa kama chai ya rangi, mwili unalia maji. Jasho linatoka na chumvi, nyinyi hamrudishi maji wala chumvi, halafu mnataka misuli ifanye kazi na nini? Mwingine akianza kuongea vitu havieleweki, ama mwili umewaka moto, huyo msimkalishe hapa, mpelekeni hospitali mbio."

Tukamtoa Mulei tukamweka kivulini. Mzee Nzau akaja, akamtazama, akatikisa kichwa. "Vijana ya siku hizi," akasema, "wanakula chips." Akapuliza filimbi. Majembe yakashuka.

Jamani, damu ilinichemka. Jioni ile akazimia Everlyne, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Nikampepea, nikamnywesha kidogo kidogo mpaka akajua yuko wapi. Nikamuuliza, "Wewe mwanamke, hata filimbi ikilia nakuona hunywi. Una nini?"

Akanivuta karibu, akanong'ona. "Mama Nuha, nikikunywa nitaenda wapi? Njia ya mtaro wamefyeka yote, kichaka hakuna, wanaume wamesimama juu kutoka mwanzo mpaka mwisho. Sisi wanawake tunaacha hata chai ya asubuhi."

Nilikaa chini. Wallahi nilikaa chini kwenye vumbi. Wanawake wanajikausha tangu alfajiri kwa kukosa pahali pa kuchuchumaa! Na hakuna mwanamume hata mmoja aliyefikiria.

Siku ya tatu walitokea nusu. Wengine wamelala na vichwa vinawagonga, wengine miguu imekaza usiku kucha. Nikapanda juu ya kreti la soda nikaangalia mtaro. Ulikuwa haujafika hata nusu ya njia. Nikahesabu siku zilizobaki, haikuwa hesabu ngumu: Jumamosi lori lingetukuta mbali, lingegeuza, na mimi na Nuha na sufuria yetu tungeendelea kwenda kwa ndovu. Machozi yalinitoka, siwafichi. Halafu nikayafuta kwa leso, nikafunga duka, nikamwendea Mzee Nzau.

Nilimkuta kwake, amekaa kwenye kigoda anakanda mkono wake mwenyewe.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mama Nuha. Umeleta betri?"

"Sikuleta betri. Nimeleta swali. Sisi Waislamu tukifunga, tunafunga kwa ajili ya Mungu. Na hata Mungu mwenyewe amemhurumia mgonjwa na msafiri, akamwambia ale. Nyinyi mnafunga kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya filimbi?"

Mkewe alikuwa anachambua kunde pembeni, akaficha kicheko kwenye kitambaa. Nzau hakucheka.

"Mwethya nimeendesha miaka mingi," akasema. "Wewe ni mtu ya duka. Hujawahi shika jembe na sisi. Hata kwa wimbo jina yako haiko."

Hilo lilinichoma, na alijua limenichoma. Kweli tupu. Miaka yote niliyokaa Mikwajuni, nimewakopesha unga, nimewazalisha wake zao usiku wa mvua, lakini wimbo wa mwethya haujawahi kunitaja, hata kwa kunicheka.

"Sawa, mimi mtu wa duka. Basi nipe wanawake kesho. Kesho tu. Wewe kaa na wanaume wako na filimbi yako, wanawake wachimbe upande wao, nami niwaangalie. Jioni tutazame mtaro wa nani umesonga."

Akaniangalia sana. Halafu akacheka, kicheko cha mtu anayejua ameshinda. "Chukua," akasema. "Ikifika saa sita utaniletea wao wakilia."

Ewaa! Hapo ndipo aliponikosea adabu.

Kijiji chetu kinaitwa Mikwajuni kwa sababu kila unapogeuka kuna mkwaju, na ukwaju unaanguka tu, mbuzi wanatafuna. Nikamtuma Nuha na shoga zake waokote. Tukauloweka, tukaukamua, tukauchuja kwa kitambaa safi, na maji tulikuwa tumeyachemsha. Jedidah akaja na kijiko chake. Kwa kila lita, akasema, vijiko sita vidogo vya sukari, visawazishwe visirundike, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. "Chumvi usizidishe, mama Nuha, tusifanye bahari. Na kati ya wachimbaji wako, mama Wakesho ana presha, huyo mpe maji matupu na chakula chake, asiguse hii mpaka daktari wake aseme." Mchanganyiko tukautia katika ile ndoo ya kunawia mikono yenye mfereji, iliyobaki stoo tangu wakati wa korona. Nikaisugua mpaka ikang'aa.

Halafu nikafungua sanduku langu. Nikatoa leso nne. Moja ilikuwa ya harusi yangu.

"Mama, hiyo!" Nuha akashtuka.

"Hiyo ndiyo nzito," nikamwambia. "Haionyeshi ndani."

Asubuhi, jua linachomoza, niliwakuta wanawake wamejikusanya na majembe, wananitazama kama watu waliouzwa. Nikapiga vijiti vinne ardhini, nikafunga leso kuzunguka, ndani tumechimba shimo, pembeni kopo la majivu. "Hiki ndicho choo chenu," nikasema. "Mtaro ukisogea, na chenyewe kinasogea. Mwenye haja aingie, atoke na heshima yake. Sasa hakuna kisingizio. Kunyweni chai, kuleni viazi, anzeni kazi na maji tumboni."

Filimbi sikuwa nayo. Nikachukua ile sufuria yangu ya ndovu na mwiko. Wimbo ukiisha, nagonga. Nikigonga, kila mwanamke anakunywa nusu kikombe, hata kama hana kiu. "Mimi sina kiu," Everlyne akasema mara ya kwanza. "Kiu ikikufikia umeshachelewa," nikamjibu, "kunywa." Kofia kichwani, leso mabegani. Nikimuona mtu uso umelegea na hatua zake zimepotea, namtoa, anakaa mkwajuni mpaka apoe, mwenzake anashika jembe lake. Jua lilipokuwa kali kabisa nikawapumzisha wote, wakala muthokoi, yale mahindi ya kukoboa, na maharagwe yenye chumvi yake, wakalala kidogo. Jua lilipolegea, tukarudi.

Wanaume walicheka asubuhi nzima. Wakaiita nyumba ya leso "hoteli ya mama Nuha." Mmoja akauliza kama kuna kitanda. Lakini kuelekea mchana vicheko vikapungua. Nikaona mmoja ameketi anajisugua paja. Mwingine akaacha sururu, vidole vimejikunja haviachi mpini. Filimbi inalia, majembe yanashuka, lakini hayashuki pamoja tena.

Na wanawake wangu? Wanaimba! Jioni bado wanaimba! Everlyne, yule wa kuzimia, alikuwa anatupa udongo nje ya mtaro kana kwamba udongo umemtukana. Walipita kigingi cha kipande chao, wakapita cha pili, wakaanza cha tatu ambacho Nzau alikuwa amewapangia wanaume. Nikasimama juu na sufuria yangu, nikapiga vigelegele peke yangu kama mwendawazimu. Sijawahi kujisikia vile. Nilitaka Ishaq awepo anione.

Mzee Nzau alikuja jua likizama. Akashuka katika mtaro wa wanawake, akatembea mwanzo hadi mwisho, kila baada ya hatua chache anasimama anapima kina kwa goti lake. Alipofika kwenye nyumba ya leso akasimama, akaitazama, akarudi nyuma kwa adabu akaizunguka. Akaenda zake.

Alfajiri mlango wa duka ukagongwa. Nzau, peke yake, filimbi shingoni.

"Mama Nuha," akasema, anaangalia chini. "Hiyo sufuria yako. Unapigaga wakati gani?"

Nilikuwa na maneno mengi tayari, matamu na machungu, nimeyapanga tangu jana. Nilipomuona uso nikayaacha. "Kila wimbo ukiisha, Mzee."

"Sawa. Leo nitapiga na filimbi. Tunakunywa wote." Akafikiri. "Na ule hatakunywa, huyo ndiye tunaimba."

Nilicheka mpaka nikashika mlango. Mzee amegeuza kanuni juu chini, na bado ni kanuni yake! Siku hiyo ya Ijumaa mwethya nzima ilichimba namna moja: asubuhi na jioni, mchana kivulini, filimbi ikilia kila mtu na kikombe. Mtu mmoja alijifanya jogoo, akakataa. Wakamwimba: mumlilie, anakauka, mkaangeni na vitunguu. Akanywa vikombe viwili kwa haraka. Na wanaume nao wakaja kwa aibu kuomba leso, maana sasa walikuwa wanakojoa kama binadamu. Nikawapa gunia.

Jumamosi ikafika. Mtaro umefika mkwajuni, karibu na duka, na pale ardhi ikawa mawe. Murram ngumu, changarawe nyekundu iliyoshikana, sururu inaruka inatoa cheche. Mulei alikuwa amerudi, mguu mzima, mtaimbo mkononi, analivunja jiwe kidogo kidogo. Kilichobaki kilikuwa kifupi, unaweza kukivuka kwa kukimbia pumzi moja. Ndipo tukaliona vumbi la lori.

Lori likasimama. Carolyne akashuka, akatembea kando ya mtaro, uso wake umefurahi, mpaka akafika kwenye mawe. Dereva akatoa kichwa dirishani. "Injinia, hawa hawajamaliza. Twende, wale wengine wanangoja." Hakuzima injini.

"Wape dakika kidogo," Carolyne akamwambia, lakini anaangalia saa.

Wimbo ulikuwa umeisha muda uleule. Nikamuona Mzee Nzau anainua filimbi. Nikajua anachotaka kufanya, na nawaapia, mimi mwenyewe, mwanamke wa ndoo na sufuria, nilipiga kelele, "Mzee, si sasa! Wacha wamalize! Lori litaondoka!"

Nzau akaniangalia juu ya filimbi. Akapuliza.

Majembe yote yakasimama. Watu wote wakaja kwenye ndoo. Dereva akapiga honi. Hakuna aliyegeuka. Nilikuwa nafungua mfereji wa ndoo, najaza vikombe, najaza, namwaga nusu yake chini, moyoni nalia: mwanangu, njia ya kisimani, sufuria, ndovu. Walikunywa bila haraka. Mulei alikunywa, akanyoosha miguu yake yote miwili kama Jedidah alivyomfundisha, akafuta mdomo.

"Sasa," Nzau akasema. Filimbi.

Yaa Rabbi, mngeona! Waliliangukia lile jiwe kama watu walioamka usingizini. Mulei anainua mtaimbo, wanawake wanazoa, wanaume wanazoa, wimbo uko juu mpaka dereva akazima injini ili asikie. Nikashindwa kusimama tu nikitazama. Nikatupa kikombe, nikashika koleo la Everlyne, nikaruka mtaroni mtu wa duka mimi, nikazoa murram na wenzangu. Tukazoa. Tukazoa! Carolyne akashuka na kijiti chake cha kupimia, akakisimamisha chini, akainua kidole gumba. "Shusheni mabomba!" akamwambia dereva.

Vigelegele vilivyopigwa pale, nadhani mpaka mjini Mwatate walisikia. Nami nikafungua kinywa nipige changu, na papo hapo shavu la mguu likanikaza. Si masihara! Likajifunga fundo, nikaanguka kwenye murram, nalia kama Mulei. Asubuhi nzima nilikuwa nawanywesha watu, mimi mwenyewe sikuonja hata tone.

Jedidah akanishika vidole akavivuta. Wote wamenizunguka. Nikamuona Mzee Nzau ananitazama, tabasamu linaanza kwenye pembe ya mdomo, linaenea. Akainua mkono. Akaanzisha wimbo mwenyewe, kwa sauti yake ya kukwaruza.

Zaitun hakunywa! Zaitun bado ananyonya! Mpelekeni kwa mamake, Zaitun wetu!

Kijiji kizima kikaitikia. Jina langu, mara na mara, wake kwa waume, Mulei anapiga mtaimbo kwenye koleo kama kengele. Nilicheka na kulia pamoja, sijui kipi kilikuwa maumivu na kipi furaha. Nuha akapenya katikati ya watu, akapiga magoti, akaniwekea kikombe mdomoni.

"Mama, kunywa," akasema. "Wote wanakungoja."

Nikanywa mpaka mwisho.

Mafundi wakaunganisha wiki iliyofuata. Maji yalipofika, asubuhi iliyofuata niliamka saa ileile ya kisimani, miguu yenyewe imezoea. Nikachukua sufuria na mwiko, nikasimama mlangoni, ndipo nikakumbuka. Nje, pale mbele ya duka, Everlyne alikuwa anakinga mtungi mferejini, ananipungia mkono. Ndani Nuha amelala, miguu yote miwili nje ya shuka, anakoroma kidogo. Sikumwamsha. Nikakinga maji kwa ile sufuria, nikaibandika jikoni, nikapika chai.